Acheni kukaza skrubu ya steringi boksi

Lori linayumba, dereva anahangaika na usukani, na hukumu inatoka kabla kichwa cha lori hakijalazwa: "Boksi imelegea, kaza ile skrubu ya juu." Nimechoka kuisikia.

Skrubu ile ya steringi boksi (sanduku la meno linalopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu) haikuwekwa kufidia tai rodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) iliyokwisha. Meno ya boksi yametengenezwa yabane zaidi usukani ukiwa katikati, ambako lori hushinda siku nzima. Ukiikaza usukani ukiwa umekatwa upande mmoja, ambako kwa kawaida kuna nafasi, ukirudi katikati meno yanang'ang'aniana. Ukiikaza draglinki (fimbo inayotoka boksi kwenda gurudumuni) ikiwa bado imefungwa, mzigo wa matairi unaficha kile ambacho mkono wako unapaswa kuhisi. Sasa usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dereva anaurudisha, anapitiliza, anaurudisha tena. Lori linayumba kuliko lilivyoingia gereji, lakini kwa kuwa plei (ule ulegevu) imekwisha, kila mtu anaapa kwamba steringi ni nzima!

Anza chini. Lori likanyage kwa uzito wake wote, magurudumu yamenyooka, injini inawaka ili pampu isaidie. Mtu atikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, bila kuukata. Wewe gusa kila kiungo kwa kidole, kikombe cha kiungo na mkono unaoingia humo kwa pamoja, maana grisi hudanganya macho. Pitia misalaba (viungo vinavyojikunja) ya shafti ya usukani, boliti zinazoshika boksi kwenye chesisi, pitmani amu (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki, tai rodi. Shafti inayoingia kwenye boksi kutoka usukani ikizunguka huku pitmani amu imetulia, hapo ndipo boksi ishitakiwe.

Kupima kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) ni jeki chini ya ekseli, stendi, kisha mtaimbo chini ya tairi. Gurudumu likicheza, mtu akanyage breki. Plei ikipotea, ni beringi za habu (kitovu cha gurudumu). Ikibaki, ni kingpini. Kingpini kavu nayo huzuia usukani kurudi, na hapo watu huilaumu boksi tena. Kuhusu kupiga grisi matairi yakiwa hewani au chini, vitabu vya ekseli mbalimbali havisemi jambo moja, kwa hiyo fuata cha ekseli yako.

Kigumu ni pale kingpini na boksi vyote vimelika kidogo. Kila kimoja peke yake kiko ndani ya kipimo, ila vikijumlishwa lori halishikiki. Sijui njia ya uhakika ya kugawa lawama. Mimi huanza na kingpini, kwa kuwa inakula na matairi pia.

Springi nazo wengi huzisahau. Yubolti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zikilegea, sentabolti (boliti inayopita katikati ya mabamba ya springi) hukatika na ekseli huhama. Ekseli ya nyuma ikikaa mshazari, lori linakwenda upande na dereva analishikilia kwa usukani uliopinda, jambo ambalo hakuna skrubu ya mbele inayoligusa. Pima kutoka pini ya mbele ya springi hadi kati ya ekseli, kila upande, kisha linganisha. Alama ya kutu inayotiririka kutoka kwenye nati za yubolti ni dalili ya mapema ya kulegea. Tazama pia bamba la kwanza la springi, kama lina ufa karibu na jicho (tundu lake la pini).

Weka yubolti mpya na nati mpya, zikazwe kwa mshazari kidogo kidogo hadi kipimo cha mtengenezaji, lori likiwa limebeba uzito wake. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo zikazwe tena, ndipo lori liende alaimenti (kunyoosha magurudumu).