Umbali na Muda wa Safari ya Ndege: Delhi hadi Tokyo

Umbali wa angani kati ya miji miwili ni urefu wa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Kati ya Delhi na Tokyo njia hiyo ni takriban kilomita 5,840, na kwa kuwa dunia ni mviringo, kwenye ramani bapa huonekana kama upinde uliobetuka upande wa kaskazini, ukipita juu ya Tibet. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Ukigawanya unapata muda wa saa sita na nusu, jibu lililo sahihi kihesabu lakini lisilolingana na tiketi.

Sababu ya kwanza ni kwamba upinde huo haufuatwi. Hewa ndani ya ndege ikipungua ghafla, rubani hulazimika kushuka hadi mita 3,000 hivi, ambako watu wanaweza kupumua, ilhali ardhi yenyewe ya Tibet kwa wastani iko juu ya mita 4,500. Kwa hiyo ndege nyingi huizunguka milima kwa upande wa kusini, zikipita Bangladesh na Myanmar kabla ya kuingia China.

Sababu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni upepo. Juu ya Asia ya Mashariki hupita mkondo wa upepo wa kasi utokao magharibi, ambao majira ya baridi huweza kuzidi kilomita 300 kwa saa juu ya Japani. (Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa maputo na kuchapisha matokeo mwaka 1926, ila kwa Kiesperanto, lugha ambayo wanasayansi wachache waliisoma.) Anayekwenda Tokyo husukumwa na upepo huo na hutumia saa saba na nusu hadi nane, anayerudi hupambana nao, na safari hufikia saa tisa na nusu au zaidi.

Tiketi, hata hivyo, huonyesha kinyume chake, kwa kuwa kila saa huandikwa kwa majira ya mji husika, na Tokyo iko mbele ya Delhi kwa saa tatu na nusu. Ukiondoka Delhi saa 2:00 usiku na kuruka kwa saa saba na nusu, utafika saa 1:00 asubuhi, kana kwamba umesafiri saa kumi na moja. Ukiondoka Tokyo saa 5:00 asubuhi na kuruka kwa saa tisa na nusu, utafika Delhi saa 11:00 jioni, na safari iliyo ndefu itaonekana ya saa sita tu. Anayetaka muda halisi basi aondoe saa tatu na nusu akielekea mashariki, na aziongeze akirudi. Na kwa kuwa nchi zote mbili hazibadilishi saa kulingana na msimu, hesabu hiyo ni ileile mwaka mzima.