Je, wajua kwa nini risasi nzito ya rivolva hugonga juu kuliko nyepesi?

Mpe mtu rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, inayotumia risasi za aina ya .38 Special, na karatasi ya shabaha mita 25 mbele yake. Apige kwanza risasi yenye kichwa (ile sehemu inayoruka) cha gramu 10.2, kisha yenye kichwa cha gramu 13 kinachokwenda polepole zaidi, akilenga palepale. Aliyezoea kurusha mawe atabashiri kwamba kile kizito kitagonga chini, kwa kuwa kinachelewa kufika na mvuto wa dunia unapata muda wa kukishusha. Mara nyingi karatasi humkanusha. Tundu la kichwa kizito huwa juu.

Kuhusu mvuto hakukosea. Kichwa cha gramu 10.2 kikienda mita 230 kwa sekunde hushuka kama sentimita 6 kabla ya kufika. Kile cha gramu 13, kwa mita 195 kwa sekunde, hushuka kama 8. Kizito kimepoteza sentimita 2 njiani na bado kimegonga juu, kwa hiyo sababu tuitafute kabla ya safari kuanza, ndani ya mtutu.

Baruti inaposukuma kichwa mbele, huisukuma bastola nyuma papo hapo. Haingoji kichwa kitoke. Na kwa kuwa mtutu uko juu ya kiganja kinachoshika mpini, msukumo huo hauishii kurudisha bastola nyuma, unainua pia mdomo wake. Kichwa hukaa mtutuni kwa muda usiozidi sehemu chache za elfu moja za sekunde, lakini huo unatosha: kinapotoka, mdomo umeshaanza kupanda.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni hii: kasi karibu haina kazi hapa. Rivolva ya kilo 1 ina uzito wa karibu mara mia wa kichwa cha gramu 10.2. Kichwa kikisafiri sentimita 15 za mtutu, bastola hurudi nyuma kama milimita 1.5, ukiacha kando gesi ya baruti na mkono unaozuia. Punguza baruti, kichwa kiende taratibu: bastola nayo itarudi taratibu, ila kichwa kitakaa ndani muda mrefu zaidi, na umbali utabaki uleule. Weka cha gramu 13, umbali unakaribia milimita 2. Uzito ndio unaoamua.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo mno, lakini mdomo ukiinuka sehemu moja ya kumi ya digrii tu, tundu hupanda zaidi ya sentimita 4 katika mita 25. Zile sentimita 2 za mvuto zinamezwa.

Wapiga shabaha hukutana na jambo hili sana kwa sababu wanapenda risasi za baruti kidogo zenye vichwa vizito vya kusubu. Kwa Kiswahili tunaita risasi madini yale na tunaita risasi kile kinachopigwa, na kwao vitu hivyo bado ni kimoja: risasi huyeyushwa, huchanganywa na bati na madini ya antimoni kidogo iwe ngumu, ikamiminwa kwenye kalibu. Kwa mwendo wa polepole haihitaji koti la shaba, na mkono hausumbuki. Kile cha ncha bapa, chenye gramu 9.6, hukata karatasi tundu la mviringo safi, na mwamuzi hana la kubishania.

Watengenezaji wanajua kwamba mdomo utapanda. Ndiyo maana kijino cha kulengea kilicho mbele ya rivolva huwa kirefu: ukikilinganisha na mwanya wa kulengea ulio nyuma, mtutu wenyewe unatazama chini kidogo ya shabaha, ukingoja kuinuka. Urefu wa kijino hupangwa kwa uzito fulani wa kichwa. Rivolva za shabaha zina skrubu ya kushusha mwanya wa nyuma unapohamia kwenye kizito. Za kawaida hazina. Mwenye rivolva ya kawaida akipiga vichwa vyepesi vinavyogonga chini, fundi hupiga tupa kijino kikawa kifupi, na matundu yakapanda. Kwa vichwa vizito tupa haisaidii, maana hapo kijino kinatakiwa kurefuka.