Madirisha ya uPVC pwani ya kusini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Shangazi yangu anaishi Mikindani, upande unaotazama ghuba. Msimu wa mvua uliopita alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Mwanangu, hili dirisha la plastiki linatapika maji chumbani." Mimi ndiye niliyemshauri aachane na mbao aweke uPVC, yaani hiyo plastiki ngumu, kwa hiyo sikungoja kupambazuke vizuri. Nilikuta godoro limesimamishwa ukutani na matambara yametandazwa sakafuni. Nilipozunguka nje niliona chini ya fremu matundu mawili membamba, marefu kama kidole, yamezibwa kwa silikoni nyeupe, tena kwa ustadi. Aliyekuja kupaka rangi aliyaona, akadhani ni kasoro, akaona amsaidie mama wa watu.

Hakuwa na nia mbaya. Lakini madirisha haya yamezungukwa na maneno mengi, na kila neno lina gharama yake. Nimeamua kuyaandika yale ninayoyasikia mara kwa mara hapa Mtwara na Lindi.

"Matundu ya chini ni kasoro, yazibwe"

Hili ndilo linaloharibu nyumba nyingi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Fremu ya uPVC si kipande kizima kama ubao. Ndani ina vyumba vyenye kuta nyembamba. Mvua ikisukumwa na upepo, maji kidogo hupenya kwenye mipira inayozunguka kioo na kuteremka hadi kwenye mfereji wa chini, na aliyeunda dirisha alilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana akayawekea njia. Tundu la ndani huyashusha maji kwenye chumba cha chini cha fremu, na tundu la nje huyatoa. Ukichungulia utaona matundu hayo mawili hayakutazamana. Yamepishanishwa makusudi ili upepo usipate njia ya moja kwa moja. Ukiziba la nje, mfereji unajaa kama karai, na ukishajaa maji yanamwagikia ndani.

Kuna kitu kingine kinachowatisha watu bure. Wakati wa dhoruba unaweza kuona maji yametuama kwenye mfereji hata kama matundu ni mazima. Upepo wa nje unayakandamiza yasitoke. Ukipoa kidogo, yanatoka. Mradi hayajavuka ukingo wa ndani, dirisha linafanya kazi yake.

Kipimo chake ni rahisi. Mwezi wa Novemba, kabla mvua hazijashika, mimina bilauri ya maji polepole kwenye mfereji, kisha mtume mtoto akasimame nje. Akisema yanatoka, sawa. Yasipotoka, chukua njiti moja ya ufagio wa chelewa upitishe taratibu. Mara nyingi utatoa mchanga, mbawa za kumbikumbi, au udongo wa nyigu, maana nyigu wanapenda sana kujenga humo. Usichukue drili upanue tundu wala kutoboa jipya. Kwenye chumba kingine cha fremu mna chuma cha kuitia nguvu, na ukikitoboa umeyakaribisha maji mahali yasipotakiwa kufika kabisa.

Kwa shangazi nilikata silikoni kwa wembe. Maji yalitoka nje kwa nguvu mpaka akaguna.

"uPVC haitaki matunzo"

Asili ya maneno haya ni kweli nusu. Ile herufi u ya mwanzo inamaanisha PVC isiyotiwa kilainishi. Mpira wa kumwagilia bustani nao ni PVC, ila umetiwa vilainishi ndiyo maana unakunjika. Hii haikutiwa, kwa hiyo ni ngumu. Mchwa hawaili, haiozi, na yenyewe haishiki kutu. Kwa mtu aliyewahi kuona fremu ya mbao ikiliwa mpaka ikabaki ganda la rangi, hiyo ni faraja kubwa.

Lakini dirisha si fremu tu. Kuna bawaba, kitasa, skrubu, magurudumu yanayobeba kioo cha kusukuma, na reli yake. Hivyo vingi ni chuma. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, nyumba za Shangani, hapa Mtwara, zinapata chumvi usiku na mchana. Pitisha kidole kwenye kioo halafu ukionje. Na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo hakuna tone la mvua. Hapo ndipo kutu inapoanzia.

Dawa yake ni maji baridi, sabuni ya maji kidogo na kitambaa laini. Nasema maji baridi kwa maana ya pwani, maji yasiyo na chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na nimeona watu wakiosha madirisha kwa maji yale yale yanayoyaharibu. Kama kisima chako ni cha chumvi, kinga maji ya mvua, au weka ndoo moja ya bomba kwa kazi hiyo. Aliye karibu na bahari aoshe kila mwezi, bawaba na kitasa zikiwemo. Aliye Masasi au Nachingwea adui yake ni vumbi, na kila miezi mitatu inamtosha.

Ukibadilisha skrubu, usidanganywe na kung'aa. Za kupakwa zinki zinang'aa sana dukani na kutu inazipata upesi. Tafuta za chuma kisichoshika kutu, na kwa pwani daraja la 316 ni bora kuliko 304 kwa sababu limetiwa molibdeni inayolisaidia kustahimili chumvi. Nenda dukani na kisumaku kidogo. Skrubu inayonaswa kwa nguvu usiiweke upande wa bahari. Lakini sumaku haiwezi kukutenganishia 304 na 316, hapo unategemea maandishi ya paketi na uaminifu wa muuzaji.

"Likigoma kusukumika, fremu imepinda, nunua jipya"

Nimemwona mtu wa Lindi akiandaa fedha za dirisha jipya kwa sababu ya kijiko kimoja cha mchanga. Mchanga ukijaa kwenye reli, gurudumu haliviringiki, linaburuzwa. Anza na brashi kuukuu ya mswaki, kisha osha reli. Likiwa bado gumu, tazama ubavuni mwa kioo, karibu na pembe ya chini. Kwenye madirisha mengi utaona kitundu chenye skrubu ndani. Ukiizungusha kwa bisibisi, gurudumu linashuka na kioo kinapanda. Zungusha nusu duara, jaribu, ongeza tena. Gurudumu lililolika linabadilishwa lenyewe peke yake. Kukitoa kioo kunataka watu wawili. Mnakinyanyua kiingie kwenye mfereji wa juu, kisha mnavuta sehemu ya chini kuja ndani.

Kama unashuku kweli fremu imepinda, usikisie kwa macho. Pima kwa futi kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa kukatisha. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa.

Na kama dirisha linagoma mchana na kuwa laini alfajiri, hapo kosa ni la ufungaji. Hili linanipeleka kwenye dhana nyingine, kwamba jua letu linayeyusha plastiki. Haliyeyushi. uPVC huanza kulainika kwenye joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, na fremu nyeupe ukutani haifiki huko. Inachofanya ni kutanuka. Fremu ya mita 2, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, inarefuka kwa milimita 4 hivi. Fundi mwenye ujuzi anaacha nafasi pembeni, anaijaza povu la ujenzi, na kuifunika kwa silikoni inayonyumbuka. Anayeshindilia saruji kavu mpaka kwenye fremu anainyima pa kutanukia, na mchana inabinuka. Fremu za rangi nyeusi au kahawia hupata joto zaidi, kwa hiyo nafasi hiyo ni muhimu zaidi kwazo. Kwa maoni yangu, kwa jua la kwetu, nyeupe ndiyo chaguo la busara.

Mafuta, thina na silikoni

Mafuta ya kula kwenye reli yanasaidia siku mbili. Siku ya tatu yamekamata mchanga na kuwa uji wa kusaga magurudumu. Reli iache kavu na safi. Kwenye bawaba na kitasa tia matone mawili ya mafuta ya cherehani, futa yaliyozidi, na yasiguse mipira ya kioo, kwa sababu mafuta na grisi huivimbisha. Mipira inataka silikoni ya kupuliza, basi.

Thina na petroli zinaondoa doa la rangi pamoja na ngozi ya fremu. Utafurahi siku hiyo. Baada ya miezi utaona pale ulipofuta pamekuwa na kwaruzo na uchafu unapashika kuliko kwingine. Stilwaya na msasa hivyo hivyo. Lipu iliyorukia fremu ifutwe kwa maji ikiwa mbichi, na ikishakauka ibandue kwa kijiti cha mbao kwa subira. Fremu iliyogeuka njano kwa jua hairudi kwa sabuni yoyote. Weupe wa fremu nzuri unatokana na titani dioksidi, ambayo pia huikinga na miale ya jua, na fremu za bei ya chini sana huwekewa kidogo.

Silikoni nazo si moja. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa tindikali, inaudhi chuma, na haishikani vizuri na uPVC wala saruji. Omba isiyo na tindikali. Kwenye tyubu huandikwa neutral.

Wenye vioo viwili vilivyounganishwa, ukiona ukungu katikati, usihangaike kufuta. Muhuri wa pembeni umeachia. Kinachobadilishwa ni kioo hicho tu, fremu inabaki.

"Ukibandika mkanda kioo hakivunjiki"

Wazee wa Lindi walihadithiwa kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji. Wengi wetu tunakumbuka Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja upande wetu kabla ya kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Siku kama hizo mtu hubandika mkanda wa gundi kwenye kioo, umekatishana kama X. Mkanda hauongezi nguvu ya kioo hata kidogo. Kikivunjika, vipande vinaweza kushikamana na kuja vikiwa vikubwa na vizito zaidi.

Kinachosaidia ni dirisha kufungwa sawasawa. Kitasa cha uPVC, hasa cha dirisha la bawaba, mara nyingi kinasukuma ndimi kadhaa kuzunguka fremu, na ndimi hizo zinashika pale tu unapokigeuza hadi mwisho. Watu wengi huishia nusu kwa sababu kimekuwa kigumu, na kimekuwa kigumu kwa chumvi na kukosa yale matone mawili ya mafuta. Jaribu vitasa vyote leo, kimoja kimoja. Kwa shangazi, kati ya madirisha sita, mawili yalikuwa hayajawahi kufungika kikamilifu tangu yawekwe.