Je, wajua kwa nini pikipiki huzimika njiani, lakini kwa fundi huwaka vizuri?

Pikipiki kubwa ya safari inatoka Dar es Salaam asubuhi, inapita Morogoro na Mikumi bila shida. Katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya lori, inakata moto ghafla. Dereva anaisogeza pembeni, anasubiri, anabonyeza stata, inawaka na kumfikisha Iringa. Kwa fundi inanguruma mchana kutwa bila kukohoa. Fundi anabadilisha plagi, analipwa, na baada ya siku chache inazima tena kwingine.

Hitilafu ya namna hii haipo muda wote. Huja pale sharti lake linapotimia: joto, mtikisiko, maji, usukani ukikatwa upande fulani, au muda tu uliopita tangu mafuta yaanze kutoka tankini. Sharti likiondoka, nayo inaondoka. Fundi anapoipokea, injini imeshapoa, iko kwenye kivuli, imesimama. Hakuna kitu cha kuona. Ndiyo maana kununua vifaa kwa kubahatisha kunamaliza fedha za watu wengi: koili mpya (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche), betri mpya, pampu mpya, na ugonjwa uko palepale. Cha kutafuta kwanza ni sharti.

Dalili kubwa ni jinsi inavyozimika. Injini ya mipigo minne ikiwa kwenye silensa, yaani inanguruma taratibu bila kupewa mafuta, mizunguko 1,200 kwa dakika, kila silinda inahitaji cheche 10 kwa sekunde. Kwenye mizunguko 6,000 inahitaji 50. Umeme ukikatika nusu sekunde tu ukiwa kwenye mwendo huo, cheche 25 zimepotea katika kila silinda, na unahisi pikipiki imekatwa kwa kisu. Mafuta hayafanyi hivyo. Kabureta ina akiba kidogo ndani yake, na kwenye pikipiki ya sindano, inayopuliziwa mafuta kwa pampu badala ya kabureta, presha hushuka kabla ya kwisha, kwa hiyo injini huanza kusitasita, inakosa nguvu, inakohoa, ndipo inakufa. Inayozima ghafla, mshuku umeme. Inayokufa kwa kuhangaika, anzia kwenye mafuta.

Kwenye mafuta, kitu kinachosahaulika mno ni tundu la hewa la tanki. Kila lita ya petroli inayotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Tundu likiziba kwa vumbi, au mpira wake wa hewa ukabanwa na begi la juu ya tanki, ndani kunabaki mvuto unaoizuia petroli kushuka. Kwa pikipiki ya kabureta isiyo na pampu, petroli yenye kina cha sentimita 30 inasukuma kwa presha ya kama asilimia 2 tu ya presha ya hewa inayotuzunguka. Mvuto mdogo wa kiasi hicho unatosha kuisimamisha. Ukikaa pembeni, hewa hupenya polepole, mafuta yanashuka, pikipiki inawaka, na unaondoka ukidhani ilikuwa imechemka. Kipimo chake hakina gharama: ikizima tu, fungua mfuniko wa tanki ukiwa umesogeza sikio karibu. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, fyuuu, na injini ikawaka papo hapo, umeshampata.

Joto lina njia zake. Waya wa shaba ukipanda joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 40. Koili nzima hulivumilia hilo. Koili yenye waya uliochanika ndani, mwembamba kama unywele, haivumilii: ikichemka vitu hutanuka, pale palipochanika panaachana, cheche inapotea. Ikipoa panagusana tena. Sensa inayosoma mzunguko wa injini huugua ugonjwa huohuo, maana mara nyingi imefungwa palepale kwenye joto. Wenye BMW za R1100 na R1150 wanaijua habari hii vizuri: ganda la nyaya za sensa yao ya Hall, inayosoma mzunguko wa injini kwa sumaku, hukakamaa na kupasuka kwa joto la miaka, maji yakiingia injini inakata, yakikauka inarudi. Kwa ugonjwa huu kuna kitu cha kutazama. Pikipiki ikikata ukiwa mwendoni, kabla hujashika klachi, tupia jicho mshale wa mizunguko. Magurudumu bado yanaizungusha injini; kwa hiyo kwenye pikipiki nyingi mshale ukianguka sifuri papo hapo, taarifa ya sensa au umeme wa moto ndio uliokatika. Kisha shika klachi, jali gari lililo nyuma yako. Mengine yatasubiri.

Valvu zilizobana, yaani zisizoachiwa nafasi ya kutosha, nazo huleta shida ya joto, lakini hizo huua injini kwenye silensa, pale unaposimama kwenye taa, na kuiwasha ikiwa ya moto huwa kazi.

Baada ya joto, mtikisiko. Ukipita kwenye tuta inakata, au ukikunja kona kali ya kuingia kituo cha mafuta inazima: hapo tafuta waya na swichi. Stendi ya pembeni ina swichi inayozima injini gia ikiwa imeingia huku stendi iko chini. Imekaa chini kabisa, inapokea tope lote la barabara, na spring ya stendi ikilegea, tuta moja linatosha kuidanganya. Angalia pia vichwa vya betri. Kwenye pikipiki za safari watu hufunga taa za ziada, chaja ya simu na vitu vingine palepale, kila kimoja na waya wake, mpaka nati haikazi tena. Ikizima pamoja na taa zote za dashibodi, na saa ikajirudisha mwanzo, usipoteze muda kwenye koili. Anza na betri, fyuzi kubwa na swichi ya funguo. Nyaya za shingo ya usukani zinapinda kila unapokata kona, hukatika ndani huku ganda likiwa zima. Washa injini ikiwa gia huru, pindisha usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, kisha tikisa mafungu ya waya moja baada ya jingine. Ikiyumba, simama hapo hapo.

Kama yote haya hayajaonyesha kitu, mpelelezi mzuri kuliko wote ni taa ndogo ya volti 12. Unga upande mmoja kwenye waya unaoleta umeme kwenye koili, mwingine kwenye chuma cha bodi, na ibandike karibu na dashibodi unapoiona. Endesha kama kawaida. Siku ikizima, taa ikifa nayo, umeme haukufika: fuata swichi ya kuzimia, ya stendi, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Taa ikibaki inawaka huku injini imekufa, tatizo liko mbele yake: koili yenyewe, sensa, au kompyuta ya injini. Kwenye pikipiki ya sindano unaweza kufunga taa ya pili kwenye waya wa pampu ya mafuta, ila kumbuka kwamba kompyuta huikata pampu yenyewe injini ikisimama. Kwa hiyo tazama ipi imetangulia kuzima, taa ya pampu au injini.