Neno "king" limetoka wapi, na kwa nini Wafini ndo wamelitunza

Watu huwa wanatuuliza hicho kinyota mbele ya neno kama *kuningaz ni cha nini. Ni alama tu kwamba neno hilo halijakutwa limeandikwa popote, wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye, kazi ileile ambayo mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof aliifanyia Kibantu mwaka 1899, maana hata *-ntu ya mtu na muntu ina kinyota chake.

*Kuningaz ni mfalme kwa Kijerumaniki mama, lugha iliyokuwa inaongewa huko Skandinavia ya kusini na Ujerumani ya kaskazini kabla ya Kristo. Wajukuu wake ni king ya Kiingereza, König ya Kijerumani, koning ya Kiholanzi, konungur ya Kiaislandi. Ndani yake kuna *kunją, yaani ukoo, kwa hiyo mfalme ni mtu wa ukoo, na bila shaka si ukoo wowote tu bali ule wa wakubwa. Rudi nyuma zaidi unakutana na mzizi wa kuzaa, wenye g: genus ya Kilatini, genos ya Kigiriki. Kwenye Kijerumaniki g hiyo ikawa k, jambo ambalo Jacob Grimm (ndiyo, huyohuyo wa hadithi za watoto) alilieleza 1822. Na kwenye Kigiriki ndo Wilhelm Johannsen wa Denmark alichota neno lake mwaka 1909, hizi jeni za somo la biolojia, kumbe ni ndugu wa king.

Utamu uko Finland. Kifini hakina undugu wowote na Kijerumani, ila kiliazima neno hili zamani sana na mpaka leo wanasema kuningas, na hiyo -as ya mwisho ndo -az yenyewe ambayo Waingereza walishaidondosha. Na hatubahatishi, kwenye pembe ya dhahabu ya Gallehus, Denmark, ya kama mwaka 400, kumechongwa ek hlewagastiz holtijaz horna tawido, "mimi Hlewagastiz Holtijaz nilitengeneza pembe", iangalie hiyo -az ya Holtijaz. Pembe yenyewe iliibiwa 1802 ikayeyushwa, bahati nzuri ilikuwa imeshachorwa.

Kwingine cheo kilishuka. Warusi wana knyaz, mtawala au mtukufu wa ngazi ya chini ya mfalme, ila ksiądz ya Kipolandi na kunigas ya Kilithuania siku hizi ni padri. Mfalme wakamwita król na karalius, kutoka jina la mtu, Karl, yule Charlemagne, mfalme maarufu wa Wafranki huko Ulaya ya magharibi.