Alama 14 za Marseille zikifika Tübingen: ushirika wa vyuo vikuu vya Ulaya machoni pa wanafunzi

Ufaransa mtihani wa chuo husahihishwa kwa alama 20. Ukipata 10 umefaulu. Ukipata 14 umefanya vizuri, na ukifikisha 16 wanakuandikia "très bien", yaani vizuri sana, kwa sababu wahadhiri wa kule ni wagumu wa kutoa alama na 20 kamili karibu hakuna anayeiona.

Sasa mwanafunzi huyo wa Marseille apeleke matokeo yake Tübingen, Ujerumani. Huko 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Vyuo vingi vya Ujerumani hutumia kanuni inayoitwa ya Bavaria kubadilisha alama za nje. Chukua 20 utoe 14, unabaki na 6. Gawanya kwa 10, ambayo ni tofauti kati ya alama ya juu kabisa ya Ufaransa, 20, na ile ya kufaulu, 10. Zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Unapata 2.8, ambayo kwa Mjerumani maana yake ni "inaridhisha". Yule wa 16 naye anatoka na 2.2, yaani "vizuri". Mtihani ni uleule na jasho ni lilelile, ila "vizuri sana" imeshuka daraja kwa kuvuka mpaka.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu katika kazi yangu ya ushauri wa masomo, mwanafunzi anayefikiria kwenda kusoma chuo shirika, yaani chuo cha nchi nyingine kilichoungana na chake, hanijii na swali kuhusu mustakabali wa Ulaya. Anauliza: nikirudi, nilichosoma kitahesabiwa? Na kitahesabiwa kama nini?

Ushirika wenyewe ulianza hivi. Septemba 2017 Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa, akihutubia Sorbonne, alipendekeza viundwe vyuo vikuu vya Ulaya, yaani mitandao ya vyuo vya nchi mbalimbali ambako mwanafunzi angesoma akihama kutoka nchi moja hadi nyingine. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulichagua ushirika 17 wa kwanza, wenye vyuo 114. Kufikia 2024 ushirika ulikuwa 64, ukiwa na vyuo zaidi ya 560 katika nchi 35, na mmoja huweza kupewa hadi euro milioni 14.4 kwa miaka minne. Marseille na Tübingen wamo pamoja katika ushirika uitwao CIVIS, pamoja na Stockholm, Roma, Athens, Bucharest na wengine. Kwa hiyo mfano wangu unahusu vyuo viwili vilivyokwisha kuahidiana kufundisha pamoja.

Tatizo la alama lina dawa, na dawa hiyo inajulikana. Badala ya kulinganisha namba kwa namba, chuo kinaangalia ni asilimia ngapi ya wanafunzi wa fani ile hupata alama ile. Kama 16 ya Ufaransa hupatikana na wachache sana, basi ilinganishwe na alama ya Kijerumani inayopatikana na wachache sana. Mwongozo wa Ulaya wa krediti, yaani vipimo vya kiasi cha kazi ya masomo, unapendekeza njia hii. Kinachotakiwa ni ofisi ya msajili kukusanya takwimu zake kila mwaka na kuzitoa kwa wenzake. Ni kazi ya kuchosha isiyopigiwa picha, lakini kwangu mimi ina thamani kuliko makongamano mengi ya uzinduzi.

Krediti kwa juujuu hazina shida. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, iwe Lisbon au Helsinki. Shida huja pale mhadhiri wa nyumbani anaposema kozi ya kule "hailingani" na yake, na mwanafunzi akajikuta anasoma mada ileile mara mbili na kuchelewa kumaliza. Ndiyo maana makubaliano ya masomo, yale yanayosainiwa na mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji, yakamilike kabla hajaondoka. Ahadi ya mdomo ya mhadhiri mwema haimsaidii mwanafunzi mhadhiri huyo akienda likizo.

Halafu kuna kalenda. Stockholm muhula wa pili unaanza katikati ya Januari. Tübingen vipindi vya muhula wa baridi vinaendelea hadi Februari, na mitihani iko mwishoni. Mjerumani anayetaka kwenda Sweden muhula wa pili inabidi aombe kufanya mitihani mapema, au akose wiki za kwanza za masomo. Na wiki za kwanza Sweden si za kuzoea mazingira, kwani huko mara nyingi mtu husoma kozi moja baada ya nyingine. Kozi ya krediti 7.5 inaisha kwa wiki tano hivi. Ukichelewa wiki tatu, umeikosa kozi nzima.

Kwa sababu ya ugumu huu, ushirika mwingi umeegemea kozi fupi za mseto: sehemu kwenye mtandao, kisha siku 5 hadi 30 za kukutana ana kwa ana, kwa krediti zisizopungua 3. Wanafunzi wenye kazi au watoto wanazipenda, na wana haki. Lakini lengo lililotangazwa tangu mwanzo, kwamba nusu ya wanafunzi wa vyuo hivi wapate fursa ya kuhama kimasomo, linahesabu pia masomo ya mtandaoni. Aliyekaa chumbani kwake mbele ya skrini anahesabiwa sawa na aliyepanga chumba Barcelona muhula mzima. Naona si haki kuwaita wote wawili kwa jina moja.

Kuna mahali mambo yamekwenda mbele. Ushirika wa Una Europa ulianzisha mwaka 2022 shahada ya kwanza ya pamoja ya masomo ya Ulaya, ambamo Leuven, Bologna, Kraków na Madrid ni miongoni mwa vyuo vyake. Ushirika mwingine, CHARM-EU, una shahada ya umahiri ya krediti 90 kuhusu maendeleo endelevu, iliyoanza 2021. Darasa lake lina kamera na skrini, na kipindi kimoja huhudhuriwa na walioko Dublin, Utrecht, Montpellier na Budapest kwa pamoja. Hapo mtaala ulitungwa pamoja tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mwanafunzi kwamba kozi yake hailingani.

Vyama vya wanafunzi, hasa ule muungano wa Ulaya nzima uitwao ESU, vimesisitiza wanafunzi wawe na kura katika vikao vya maamuzi, si viti vya wageni waalikwa. Vimeonya pia juu ya matabaka. Ulaya ina takriban taasisi 5,000 za elimu ya juu, na zilizomo kwenye ushirika ni kama moja kati ya tisa. Kijana wa chuo kidogo cha mkoani asiachwe nje ya fursa kwa sababu chuo chake hakina jina kubwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki naye jambo hili linamgusa. Makerere ni mmoja wa washirika wa Kiafrika wa CIVIS, pamoja na vyuo vya Senegal, Msumbiji, Afrika Kusini, Morocco na Tunisia. Na kama wewe ni Mkenya au Mtanzania unayesoma tayari Ujerumani au Ufaransa, jua kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2016 inamruhusu mwanafunzi wa kigeni aliye kwenye programu ya Ulaya, au penye makubaliano kati ya vyuo, kwenda kusoma nchi nyingine mwanachama hadi siku 360 kwa kibali chake kilekile. Ireland na Denmark hazifungwi na sheria hiyo, kwa hiyo ukipangiwa Dublin au Copenhagen anza maombi ya kibali mapema. Kwingineko, iombe ofisi ya kimataifa ya chuo chako barua inayotaja jina la programu na tarehe za kuanza na kumaliza, na uliza kama nchi unayokwenda inataka kuarifiwa kabla. Barua hiyo safiri nayo mkononi, usiifungie kwenye sanduku.