Kabla ya Mionzi ya Koo, Mwone Daktari wa Meno

Wazee wengi wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana, na mataya yao yakapona vizuri tu. Mfupa wenye damu ya kutosha huziba pengo la jino wenyewe. Taya lililopigwa mionzi limepungukiwa na uwezo huo. Mgonjwa wa saratani ya koo hapa Kisumu anafaa kulijua jambo hili kabla ya kupanda gari kwenda Eldoret au Nairobi kutibiwa.

Mionzi ya kutibu saratani hii mara nyingi hufikia grei (kizio cha kupimia mionzi) 66 hadi 70, ikigawanywa kwa takriban wiki saba. Saratani ikiwa kwenye tonsili au shina la ulimi, sehemu ya nyuma ya taya la chini huangukia kwenye njia ya mionzi, na mishipa midogo inayoulisha mfupa huziba polepole. Taya la juu lina damu nyingi zaidi, kwa hiyo haliumii sana.

Wengi hawafikwi na tatizo hili. Anayefikwa, kisa chake tunakijua: saratani imeisha, mate yamekauka kwa sababu ya mionzi, meno yanaoza. Miaka mitatu baadaye anaingia kliniki iliyo karibu na soko, jino linang'olewa, na mionzi haitajwi kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Kidonda hakifungi. Ulimi unagusa kitu kigumu chenye makali: ni mfupa, mkavu, wa rangi ya manjano. Kisha huja usaha, harufu, pengine mdomo wa chini kufa ganzi. Mfupa ukikaa wazi hivyo kwa miezi mitatu, na saratani haijarudi, madaktari huita osteoradionekrosisi. Hali ikiwa mbaya sana, kipande cha taya hukatwa na kujazwa kwa mfupa wa mguuni. Si upasuaji mdogo.

Meno mabovu yang'olewe angalau wiki mbili kabla ya mionzi kuanza, ufizi upate kufunga. Baada ya hapo tumia floraidi kila siku na uache sigara kabisa. Jino likiuma, mara nyingi mzizi unaweza kutibiwa bila kuling'oa, hata kama limebaki kigutu.

Hatari hii haiishi, hata baada ya miaka kumi. Kwa hiyo omba barua inayoonyesha kipimo cha mionzi na upande uliopigwa, na uiombe kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, maana kulitafuta faili baadaye ni kazi.